Nusu Dakika Isiyo na Sauti

Sehemu ya sita

Jumapili iliyopita niliwaacha mahakamani, televisheni imewashwa, nami nikitabasamu kama mpumbavu.

Anayeanza leo ajue haya. Kaka yangu Renatus ni mkulima wa ndizi wa Kirushya, wilayani Ngara. Kila Jumatano hupeleka mikungu Lusahunga, kuwauzia madereva wa malori yanayokwenda Rusumo. Mwezi wa tatu, kwenye kizuizi cha polisi, alishushwa garini akiwa na muhoro kiunoni, lile panga fupi lenye ncha iliyopinda ambalo mkulima wa ndizi hawezi kutoka nyumbani bila kuwa nalo. Dakika moja baadaye Koplo Maduhu alikuwa na jeraha mkononi, na kaka yangu alikuwa na pingu.

Shtaka: kumjeruhi askari akiwa kazini.

Koplo alikuwa amevaa kamera kifuani. Nami ndiye niliyeshangilia habari hiyo. Mimi, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, niliyewahi kusimama mbele ya darasa zima nikatamka: "Kamera haina shemeji. Haina kabila, haina njaa, haimwogopi mkubwa wake." Nilipigiwa makofi. Nikarudi nyumbani na makofi yale masikioni, nikamshinikiza Wakili Abbasi adai picha zile zionyeshwe.

"Kezia," aliniambia, "kamera ni shahidi. Na shahidi huulizwa maswali kabla ya kuaminiwa."

Sikumsikiliza.

Picha zikaanza. Kimya.

"Sauti iko wapi?" hakimu aliuliza.

"Itakuja, mheshimiwa," alijibu mwendesha mashtaka, kwa upole wa mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Kaka anashuka kwenye pikapu. Midomo yake inatoa salamu. Anaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa jambo akalikubali. Anachomoa muhoro. Anasogea mbele, magoti yamepinda, mikono yote miwili iko mbele. Ghafla mkono wa koplo unainuka na kuziba kioo cha kamera. Giza. Ndani ya giza lile ndipo sauti ikazaliwa:

"Ananiua! Huyu ananiua!"

Mwendesha mashtaka alirudisha picha nyuma, akaisimamisha pale muhoro ulipokuwa hewani.

"Mikono miwili, mheshimiwa. Hivyo ndivyo mtu anavyokata gogo."

"Kumbe kweli," mtu alinong'ona nyuma yangu.

Nyuma yangu walikaa watu wa Kirushya. Watu waliopanda gari alfajiri kuja kusimama nasi. Hata wao!

Mama yangu, Domisiana, Kiswahili chake ni cha sokoni. Cha mahakamani humpita juu kama ndege. Asubuhi nzima alikuwa akinivuta mkono nimtafsirie. Lakini picha zile zisizo na maneno hazikumhitaji mkalimani. Alinivuta tena, akaniuliza kwa Kihangaza, kwa mshangao wa kweli:

"Mbona yule mkubwa hakupokea?"

"Kupokea nini, Mama?"

"Si mtoto anampa? Kwa adabu kabisa. Mbona hakupokea?"

Niliitazama picha upya, na damu ikanipanda kichwani.

Mkono wa kushoto wa kaka haukuwa kwenye mpini. Ulikuwa umekishika kiwiko cha mkono wake wa kulia. Mpini ulimwelekea askari, makali yalirudi kwa Renatus mwenyewe. Kwetu hivyo ndivyo unavyompa kitu mtu anayestahili heshima: kikombe, ufunguo, jembe, chochote. Mtoto wa miaka minne akimpa babu yake kijiti kwa mkono mmoja, anarudishwa arudie.

Nani duniani humkata mwenzake huku amejishika kiwiko?

Nilimwandikia Wakili Abbasi kikaratasi. Alikisoma mara mbili, akainuka taratibu. Shahidi wa kwanza kumkabili alikuwa mtaalamu wa vifaa.

"Kamera hii huanza kurekodi wakati gani?"

"Askari akibonyeza kitufe."

"Kabla ya hapo imelala?"

"Hailali. Huchukua picha muda wote na kuzifuta. Kikibonyezwa kitufe, huhifadhi pia nusu dakika iliyotangulia."

"Pamoja na sauti yake?"

"Hapana. Nusu dakika hiyo ni picha tupu. Imetengenezwa hivyo."

"Kwa hiyo sauti huanza pale askari anapoamua ianze."

"Anapobonyeza."

"Nimesema anapoamua."

Mtaalamu alimtazama mwendesha mashtaka, hakuona msaada. "Ni sawa," akasema.

Kisha akaitwa tena Koplo Maduhu, bandeji mpya imefungwa juu ya jeraha la miezi mitatu.

"Koplo, kabla ya kubonyeza kitufe ulimwambia nini mshtakiwa?"

"Nilimwamuru ashuke."

"Alipokwisha kushuka?"

"Sikumbuki."

"Ulimwambia akuletee muhoro?"

"Sikumbuki, wakili. Tungekuwa na sauti, tungesikia wote."

Akacheka. Na baadhi ya watu wakacheka naye.

Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ya siku ile nilikuwa siijui. Kidole cha mtu huyu ndicho kilichochagua sauti ianzie wapi. Mkono wa mtu huyu ndio uliokiziba kioo wakati jeraha likitokea. Kisha anasimama mbele ya hakimu, anasikitika pamoja nasi kwamba hatuoni wala hatusikii!

Upande wa mashtaka ulifunga ushahidi wake. Hakimu akaamua kwamba kaka ana kesi ya kujibu, utetezi uanze mchana huohuo.

Nje, kwenye benchi la mashahidi, alikaa Bi Mwanaharusi, mwenye mgahawa karibu na kile kizuizi. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo. Yeye alibaki na chai, chapati na ulimi usio na breki.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi."

"Marahaba, mwanasheria. Mbona macho yameiva kama pilipili?"

"Koplo anasema hakumbuki kama alitoa amri."

"Hakumbuki! Mimi namimina chai, hatua kumi kutoka pale. 'Lete hilo panga hapa!' Nimelisikia kwa masikio haya. Kaka yako akampelekea kama anayempelekea mkwewe. Yule bwana akaona chuma, akapandwa na hofu, akamtandika rungu la mkono. Ndipo panga likaruka, ndipo kile kidude chake kikalia *tii*. Kililia baada, mwanangu, si kabla."

"Utayasema hayo ndani?"

"Sasa nimefunga mgahawa wangu nije kuhesabu kuku kwenye benchi hili? Nitayasema. Ila nikuulize, wewe mwenye shule: kitu kimefungwa kifuani mwa mtu, akigeuka kinageuka, akitaka kifumbe kinafumba. Mlitegemea kimshitaki nani?"

Miaka mitatu ya chuo, na somo hilo nilifundishwa na muuza chai.

Hata hivyo, moyo wangu ulikuwa umeanza kupaa. Tulikuwa na kiwiko. Tulikuwa na nusu dakika. Tulikuwa na masikio ya Bi Mwanaharusi. Nikamwona Wakili Abbasi akija, jalada kwapani, uso wake haufanani kabisa na wangu. Alinivuta kando, hadi kwenye kona ya jengo.

"Limebaki jambo moja," alisema. "Maelezo ya onyo, yale aliyoandika kituoni. Yalisomwa siku ya kwanza, nadhani umesahau."

Sikuwa nimesahau.

"Aliandika kwamba alipoamriwa, aliutupa muhoro chini. Picha inaonyesha hakuutupa. Kama alikuwa akiutoa kwa adabu, kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo? Nimemuuliza mara tatu. Anatazama viatu vyake."

Wasomaji wangu, kwa wiki tano nimewaandikia uongo wa watu wengine. Leo nawaandikia wangu.

Siku aliyokamatwa, kabla hajaandika chochote, askari mmoja mwenye huruma alimwazima kaka simu. Hakumpigia Mama. Alinipigia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sheria ya nyumba yetu.

"Kezia, alisema nimpe, nikampa. Akanipiga rungu, muhoro ukaruka ukamkata. Sikukusudia, dada."

"Umemwambia nani?"

"Bado. Ndiyo wanataka kuandika."

"Usiseme ulimpa. Ukisema hivyo, utakuwa umekiri kwamba ulimwendea askari na silaha mkononi. Sema alipokuamuru uliutupa chini, na yeye akajikata alipouokota."

"Lakini sikuutupa."

"Kaka, anayesoma sheria ni mimi au wewe?"

Akasema, kwa ule utani wake wa siku zote, "Haya, mwalimu."

Sikujua kwamba kulikuwa na kamera. Nilidhani litakuwa neno la mkulima dhidi ya neno la koplo, nami nikaona neno la mkulima linahitaji kupambwa. Mimi niliyehubiri darasani kwamba ukweli hauhitaji wakili! Kama ningemwacha aseme kile alichokifanya, picha ile ingekuwa shahidi wake leo. Nilimnyang'anya ukweli wake, nikampa uongo wangu, kisha nikadai picha za kamera zionyeshwe mbele ya watu wote.

Nilimweleza Wakili Abbasi yote. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Renatus."

"Na sasa mimi. Umeniambia, siwezi kujifanya sikusikia. Siwezi kumwongoza aseme aliutupa. Atasema kweli, na watamchapa kwa karatasi yake mwenyewe."

"Nikisimama mimi nikaeleza?"

"Umekaa ndani tangu siku ya kwanza ukisikiliza kila shahidi. Watasema umekuja kuziba tundu. Na kumfundisha mtu aseme uongo polisi ni kosa, Kezia, unalijua kama ninavyolijua. Sahau kuitwa wakili. Huenda ukapandishwa kizimba kilekile."

"Nisiposimama?"

Aliinua kidevu kuelekea uani, ambako gari la magereza lilikuwa limeegeshwa kivulini.

Kengele ikalia, tukaingia.

Renatus aliapa akiwa ameshika Biblia kwa mikono miwili. Alisimama wima katika shati lile la kijani alilovaa kwenye kipaimara changu. Wakili alimwomba aeleze alivyoutoa muhoro, naye akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani, bila kuongeza wala kupunguza.

"Unaweza kuionyesha mahakama?"

Hakimu aliruhusu, si kwa muhoro bali kwa rula ndefu ya mbao iliyokuwa mezani. Kaka aliichukua. Akaishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, magoti yakapinda kidogo, akamnyooshea karani.

Karani yule, Esperansia, ni mwanamke wa Kibimba, Mhangaza kama sisi. Alikuwa akiandika, hakuwa hata amejiandaa. Kalamu aliiacha ikaanguka, akainua mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akapokea.

Watu walinyanyuka kwenye viti ili waone.

Ndipo Esperansia alipogutuka na kuona alichokifanya. Akaiweka rula chini kama iliyomuunguza. Lakini hakimu alikwishaona, na kalamu yake ilikuwa inaandika, inaandika. Nyuma yangu sauti ileile ya asubuhi ilinong'ona tena, "Kumbe." Safari hii bila "kweli", maana haikuhitajika.

Mama alinikandamiza mkono. "Umeona?" akasema. "Yule binti kalelewa. Yeye amepokea."

Kwa muda wa pumzi tatu, nilidhani nimeokoka. Naandika *nimeokoka*, si *ameokoka*. Ungamo likiwa ungamo, liwe lote.

Mwendesha mashtaka akasimama na karatasi moja.

"Renatus, hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Tusomee mstari wa nane."

"Macho yangu..."

"Nitakusomea. 'Aliponiamuru nitoe muhoro niliutupa chini, naye akauokota vibaya akajikata.' Ni maneno yako?"

"Ni maneno niliyoyasema."

"Leo umetuchezea ngoma nzuri na rula. Umeinama, umeshika kiwiko, tumependezwa sote. Sasa uliutupa au ulimpa?"

"Nilimpa."

"Kwa hiyo siku ile ulidanganya."

"Ndiyo."

"Na leo umeapa, tukuamini. Kesho ukiapa tena, utakuwa umeumeza?"

Vicheko. Koplo Maduhu alikuwa anacheka, mabega yakitikisika.

"Mheshimiwa, mshtakiwa hakuisahau adabu yake. Aliitunga, baada ya kuona picha. Kama kweli ilikuwa hivyo, mtu asiye na hatia angekosaje kuisema siku ya kwanza?"

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimtazama kaka kwa namna ambayo haikuwa ya ukali.

"Renatus, nakuuliza mimi. Jambo ulilotuonyesha lina maana. Lakini karatasi hii inalivunja. Kuna mtu aliyekuambia useme uliutupa?"

Kaka hakunitazama. Alitazama saa ya ukutani, alitazama dirisha, alitazama rula. Kila mahali, isipokuwa pale nilipokaa.

"Hapana, mheshimiwa. Uongo ulikuwa wangu mwenyewe."

"Una hakika? Jibu hili ni zito kwako."

"Nina hakika."

Kaka yangu hajui kudanganya. Hajawahi kujua. Utotoni tukila sukari ya Mama kwa siri, yeye ndiye aliyekuwa akikutwa amesimama katikati ya jiko, mikono imeinuliwa, kabla hata hajaulizwa. Na sasa alikuwa anadanganya kwa mara ya pili, safari hii kwa kiapo, na mara zote mbili kwa ajili yangu.

Mama alinivuta. "Wamemuuliza nini?"

Ningemtafsiria nini?

Nilisimama.

"Kaa chini, binti," askari wa mlangoni alisema.

"Mheshimiwa hakimu, aliyemwambia aseme vile ni mimi."

Viti vililia. Wakili Abbasi alifumba macho. Mwendesha mashtaka aligeuka, akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, kama mtu aliyeokota kitu asichokitarajia.

"Wewe ni nani?" hakimu aliuliza.

Kabla sijafungua kinywa, sauti ya kaka ililipuka kutoka kizimbani, kali kuliko nilivyowahi kuisikia:

"Mheshimiwa, mimi simjui mtu huyo!"

"Kaka..."

"Simjui! Ni watu tu wa huku wanaopenda kesi za wenzao. Atolewe nje!"

Hakimu alitutazama kwa zamu. Sijui aliona nini. Tuna pua moja, mimi na Renatus, na paji moja la uso, lile la marehemu baba. Macho yake yakashuka hadi kwa mwanamke mzee aliyekaa pembeni yangu, aliyekuwa bado ameikamata sketi yangu kwa vidole viwili.

"Mama," hakimu alisema polepole, "huyu binti unamfahamu? Na yule kule mbele?"

Kiswahili hicho Mama alikielewa. Aliinuka. Alinyoosha kitenge chake, akamtazama kaka muda mrefu, akanitazama mimi muda mrefu zaidi. Kisha akajibu kwa Kihangaza, sentensi moja, bila kutetemeka.

Watu wa Kirushya waliguna kwa pamoja.

"Amesema nini? Karani?"

Esperansia alifungua kinywa. Alimtazama kaka, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kumsihi. Akanitazama mimi. Akafunga kinywa.

"Karani, nakuuliza kwa mara ya pili."

"Nitatafsiri mimi, mheshimiwa," nikasema. "Amesema: 'Wote wawili nimewazaa mimi, na wote wawili wanadanganya vibaya.'"

Hakuna aliyecheka. Renatus alikiinamia kizimba, paji la uso juu ya mbao.

"Kwanza nani alimwita huyu?" mwendesha mashtaka alifoka. "Mheshimiwa, naomba awekwe chini ya ulinzi sasa hivi, kabla..."

"Kaa, mwendesha mashtaka. Wakili Abbasi, na wewe kaa." Hakimu alilifunga jalada, akaweka viganja juu yake. "Askari, funga mlango. Mtu yeyote asitoke."

Aliyekuja kuufunga alikuwa askari wa kizuizi, mwenzake koplo, aliyekuwa akisubiri koridoni, mlango ukiwa wazi mbele yake. Alisukuma mlango kwa bega, komeo likaingia, akageuka kutukabili.

Kifuani mwake taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Ilikuwa imeniona nikisimama. Lakini kama ilikuwa imenisikia, na tangu neno lipi, hilo alilijua yeye peke yake na kidole chake.